Umeambiwa "uko safi": walikupima nini hasa? Uzi wa wanafunzi kuhusu vipimo vya magonjwa ya zinaa

Kansanga_Rumu7 (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Kampala, Gulu, Mbarara, Arua na kwingineko. Kila mwanzo wa muhula hema la kupima linasimamishwa karibu na kantini, watu wanapanga foleni, wanachomwa kidole, na baada ya nusu saa wanarudi hosteli wakitangaza kwamba wako safi. Kliniki za mtaani nazo zinaandika ubaoni "tunapima magonjwa yote ya zinaa" bila kusema hayo yote ni yapi.

Naomba wenye kazi zao watueleze: uombe kipimo gani, wapi, baada ya siku ngapi, na nini kinaharibu majibu. Mahubiri yana nyuzi zake, hapa tusiyalete.

MaabaraTu

Kipimo kimoja cha zinaa zote hakipo popote duniani. Kabla ya kuuliza majibu, uliza walichukua nini mwilini mwako.

Damu inaonyesha VVU, kaswende na homa ya ini B. Kwenye hema la chuo, lile tone la kidole mara nyingi linaishia kwa VVU, pengine na kaswende. Basi. Klamidia na kisonono havionekani kwenye damu. Kuna kliniki zinauza kipimo cha kingamwili za klamidia kwa damu, nawashauri msikilipie: kingamwili zinaweza kubaki muda mrefu baada ya mtu kupona, kwa hiyo haziwezi kukuambia kama unao leo.

Klamidia na kisonono vinatafutwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kijidudu. Mwanaume anatoa mkojo, mwanamke anatoa swabu ya ukeni. Mkojo wa mwanamke unapimika pia, ila swabu inashika wengi zaidi. Mashine ya GeneXpert mnayoisikia kwenye habari za TB inaweza kupima hivi viwili kwa pamoja ndani ya dakika 90 hivi, lakini inahitaji katriji yake maalumu, na katika vituo vingi stoo imejaa katriji za TB tu. Pigeni simu kwanza muulize kama katriji ya CT/NG (klamidia na kisonono) ipo, ndipo mpande boda.

Ule mkojo wa kawaida wa kuchovya kijiti chenye rangi na kutazama kwa darubini ni kitu kingine kabisa. Unaonyesha seli za usaha, yaani kuna uvimbe mahali. Klamidia inaishi ndani ya seli za mwili, darubini ya kawaida haiioni. Karatasi ikiandikwa "pus cells: nil", hiyo haimaanishi huna klamidia. Wenye klamidia wengi, hasa wanawake, hawana dalili yoyote, hawana hata maumivu ya kukojoa.

Kwa mwanaume anayetokwa na usaha hali ni nyepesi: usaha unapakwa kwenye kioo, unatiwa rangi ya Gram, na kisonono kinaonekana siku ileile kwa gharama ndogo. Kwa mwanamke njia hiyo hukosa wengi.

Mchokozi256

Kwa hiyo wale wote wa kwenye hema wametangaza nusu ya habari 😂

MaabaraTu

Hata robo. Lakini usilidharau hema. VVU ni kipimo cha maana na pale ni bure.

Sista_wa_Bombo

Naongezea upande wa kliniki, maana wasichana wanakuja na neno moja tu mdomoni: "nina candida". Kila uchafu unaotoka ukeni umeshakuwa candida, na kila candida inatibiwa kwa vidonge vya kuingiza kutoka duka la dawa. Candida ni fangasi, na haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Inawasha sana, uchafu wake ni mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, na haina harufu kali. Uchafu mwembamba wa kijivu wenye harufu ya samaki mara nyingi ni bakteria wa ukeni waliovurugika uwiano. Wa kijani au njano wenye povu unanifanya nifikirie trikomona, kijidudu cha zinaa. Hata hivyo macho peke yake hayatoshi, na ugonjwa mmoja hauuzuii mwingine kuwepo.

Swabu wanayoiita HVS inachukuliwa juu ukeni. Inafaa kwa candida, trikomona na hao bakteria. Klamidia haioteshwi kwa HVS ya kawaida, na kisonono kinahitaji swabu ya mlango wa kizazi ikiwa kituo hakina PCR. Mtu analipia HVS, anaambiwa hakuna kitu, anaondoka akiamini amepimwa vyote.

Trikomona ina tatizo lake: mdudu anatambulika kwa kucheza kwake chini ya darubini, na akipoa anasimama. Swabu itazamwe ndani ya dakika 10 hadi 20. Ukiona imewekwa dirishani na fundi ameenda chakula cha mchana, omba wachukue nyingine. Na hata ikitazamwa mapema, darubini inakosa karibu nusu ya wenye ugonjwa.

Binti_Kasese

Sista, hiyo swabu ni lazima nilale kitandani nikaguliwe? Wengi wanaogopa hapo, tena mhudumu akiwa mwanaume.

Sista_wa_Bombo

Kwa PCR si lazima, mwanangu. Unaruhusiwa kujichukulia mwenyewe chooni na majibu yanakuwa sahihi kama ya mhudumu. Nawa mikono. Fungua pakiti bila kugusa pamba. Ingiza kijiti kama sentimita 5, uzungushe taratibu kwa sekunde 10 hadi 30 kikigusa kuta, ukitoe bila kugusisha paja wala nguo. Kitie kwenye chupa yake, ukivunje pale penye alama, funga vizuri. Yale maji yaliyomo ndani ya chupa usiyamwage! Ndiyo dawa ya kuhifadhi sampuli. Usijisafishe ukeni siku hiyo, wala usiweke kidonge cha kuingiza kabla.

Kitanda kinahitajika kama una maumivu ya tumbo la chini, unatokwa damu baada ya tendo, au una kidonda au vinyama. Hapo lazima mtu aangalie. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, au mtu wa kukusindikiza mle ndani.

MaabaraTu

Na wanaume kwenye mkojo wanakosea vilevile. Mmefundishwa mkojo wa katikati, yaani wa kwanza unamwagwa. Huo ni wa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa klamidia na kisonono tunautaka ule wa kwanza kabisa, kwa sababu ndio unaosomba vijidudu kwenye mrija. Ukae angalau saa moja bila kukojoa, kisha ujaze mililita 20 hadi 30 tu, usioge wala kupangusa kabla. Anayejaza chupa mpaka juu anazimua sampuli yake mwenyewe. Kama fundi amekuambia "mkojo wa katikati", mkumbushe kwa upole kwamba ni wa CT/NG.

Jambo jingine linalosahaulika: kisonono na klamidia vinakaa kooni na kwenye njia ya haja kubwa pia, kimya kimya. Mkojo hauoni huko. Anayehitaji swabu ya koo au ya nyuma aiombe kwa jina.

Mwana_Goma

Hapo kwenye swabu ya nyuma watu wataogopa. Kwa sheria ya 2023 ya kupinga ushoga, daktari hatakuripoti?

Sista_wa_Bombo

Kifungu kilicholazimisha watu kuripoti kilifutwa na Korti ya Katiba Aprili 2024, ingawa sehemu kubwa ya sheria imebaki. Mhudumu anahitaji kujua ni sehemu gani ya mwili ya kupima, hahitaji jina la mwenzio wala hadithi. "Naomba na swabu ya huku" inatosha.

Kansanga_Rumu7

Tuje kwenye siku. Tendo limetokea Jumamosi, mtu anakimbilia maabara Jumatatu. Anapata nini?

MaabaraTu

Anapata hali yake ya kabla ya Jumamosi. Vijidudu vinahitaji muda vionekane.

Klamidia na kisonono: subiri wiki 2 kama huna dalili. Ukiwa na dalili, nenda siku hiyohiyo.

Kaswende: kidonda hutokea kati ya siku 10 na 90, mara nyingi wiki ya tatu, hakiumi, na kinapotea chenyewe hata bila dawa. Hapo ndipo watu wanadanganyika. Damu ipimwe wiki ya 6 hivi, irudiwe miezi 3.

VVU: vipimo vya haraka vya kidole vinashika wengi baada ya wiki 4 hadi 6, lakini jibu la kufunga mlango ni la miezi 3. Maabara kubwa zenye kipimo kinachotafuta antijeni na kingamwili pamoja, kwa damu ya mshipa, zinaona kati ya siku 18 na 45.

Homa ya ini B: HBsAg, yaani alama ya kirusi chenyewe kwenye damu, kwa kawaida huonekana kama wiki ya 4, wengine huchelewa mpaka ya 9 au 10.

Anayetaka kwenda mara moja tu, aende miezi 3 baada ya tendo la mwisho. Lakini klamidia usiiache ikae miezi 3 tumboni, ndiyo maana nashauri safari mbili.

Dawa_na_Dozi

Subirini, hapo pana jambo la haraka kuliko kipimo. Kama tendo la Jumamosi lilikuwa bila kondomu au ilipasuka, na mwenzio ana VVU au hujui hali yake, saa zinahesabika. PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya tendo la hatari, inaanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi. Saa ya 3 ni bora kuliko ya 60. Unapimwa VVU kwanza, kisha unameza dawa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Usisubiri kliniki ya Jumatatu asubuhi. Hospitali yenye zamu ya usiku, au Health Centre IV kama ya Kisenyi kwa walio mjini, ndiko kwa kuanzia. Sema neno "PEP" pale mapokezi ili usiwekwe foleni ya malaria.

Kwa msichana, dawa ya dharura ya kuzuia mimba (levonorgestrel) inafaa zaidi ndani ya saa hizohizo 72. Ni vitu viwili tofauti, kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Na kama ni kubakwa, huduma hizi zinatolewa hata kabla hujaenda polisi.

Mchokozi256

Mtu akinunua cipro (antibayotiki ya vidonge) mbili tatu duka la dawa akamaliza mambo? Ndivyo watu wanavyofanya kwenye hosteli.

Dawa_na_Dozi

Ndivyo wanavyofanya, na ndiyo sababu cipro haifai tena kwa kisonono hapa Uganda. Sampuli za Kampala zimeonyesha karibu zote zimeshaizoea. Nchi yetu iko kwenye mpango wa WHO wa kufuatilia usugu wa kisonono kwa sababu hiyohiyo. Dawa inayotegemewa sasa ni sindano ya ceftriaxone, na hiyo haichomwi chumbani na rafiki wa mwaka wa pili wa udaktari.

Ubaya wa pili: cipro mbili zinapunguza usaha bila kuua vijidudu. Siku ya tatu unaona nafuu, unaenda kupima, sampuli haioti kitu, unaambiwa huna. Dawa yoyote ya antibayotiki uliyomeza ndani ya wiki 2 au 3, hata ya kidonda cha koo, itaje kwa fundi kabla hajachukua sampuli.

Klamidia inatibiwa kwa doksi (doxycycline) ya miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7. Meza na glasi nzima ya maji, ukae wima nusu saa, la sivyo inachoma umio. Usichanganye na maziwa, vidonge vya kuongeza damu au dawa ya kiungulia. Viachane kwa saa mbili hivi. Mjamzito hapewi doksi, kuna mbadala. Hakuna tendo kwa siku 7, na mwenzio atibiwe wakati huohuo hata kama hana dalili. Hapa ndipo matibabu mengi yanaharibika: mmoja anameza, mwingine anasema "mimi sina kitu", baada ya wiki tatu wamerudi palepale na dawa inalaumiwa bure.

MaabaraTu

Na msirudi kuhakiki kwa PCR wiki ya kwanza. Mashine inaona mabaki ya vijidudu vilivyokufa, itaandika unao. Ngoja angalau wiki 4. Kurudia kipimo miezi 3 baada ya tiba ndiko muhimu, maana kuambukizwa tena ni kwingi.

Binti_Kasese

Kaswende je? Mtu alishatibiwa, sindano zote, lakini kila hema linamwambia bado anayo.

MaabaraTu

Hilo linavunja ndoa za watu. Vipimo vya haraka vya kaswende vya kidole, pamoja na TPHA, vinatafuta kingamwili ambazo kwa wengi hubaki maisha yote. Aliyetibiwa atasoma chanya mpaka uzee. Anachohitaji ni RPR au VDRL, vipimo vingine vya damu vya kaswende, yenye namba: 1:32, 1:16, 1:8 na kuendelea. Tiba ikifanya kazi namba inashuka ngazi mbili, mfano 1:32 kuja 1:8, ndani ya miezi 6 hadi 12. Kwa hiyo atunze karatasi ya kwanza yenye namba na karatasi ya sindano. Bila hizo, kituo kipya kitamchoma upya kila mara.

Sista_wa_Bombo

Penisilini yenyewe ni benzathine, yuniti milioni 2.4, sindano moja kwa kaswende changa. Ikiwa ya zamani au haijulikani ilianza lini, ni tatu, kila wiki moja. Usiku wa sindano ya kwanza unaweza kupata homa na baridi kwa saa 24. Hiyo si mzio, ni vijidudu vinavyokufa. Meza paracetamol. Mzio wa kweli unakuja haraka, ndani ya dakika, na ndiyo maana tunakuambia ukae benchi nusu saa baada ya kuchomwa. Nyinyi mnakimbilia somo.

Mwana_Goma

Tunaotoka Kongo, Kenya na Tanzania, Kiganda kinatupiga chenga. Kwenye karatasi ya maabara niandike nini? Na kituo cha serikali kitanipokea?

MaabaraTu

Andika hivi kwenye kipande cha karatasi umkabidhi musawo (mhudumu wa afya): HIV, syphilis (RPR au TPHA), HBsAg, CT/NG PCR. Hivyo vinne ndivyo vinavyomfaa mwanafunzi asiye na dalili. Kwenye maabara ya kulipia waulize bei ya kila kimoja kabla sindano haijaingia, maana wakisikia "vyote" wataongeza Widal (ya taifodi) na H. pylori (ya vidonda vya tumbo) humohumo.

Malengelenge ya sehemu za siri usiyapime kwa damu kama huna kidonda. IgG, kingamwili zinazopimwa hapo, inakuambia uliwahi kukutana na kirusi, na watu wazima wengi wameshakutana nacho. Kikitokea kidonda, swabu ichukuliwe siku za mwanzo kabla hakijakauka. HPV, kirusi cha vinyama na saratani ya mlango wa kizazi, nayo haina kipimo cha kawaida kwa mwanaume.

Sista_wa_Bombo

Vituo vya serikali viliacha kutoza ada mwaka 2001, na kwa VVU hatuulizi mtu katoka wapi. Bure hapo ina maana ya huduma. Dawa au vifaa vikiisha utaambiwa ukanunue nje. Beba daftari lako la shule kama wote wanavyofanya, ila nunua jipya kwa ajili ya jambo hili, usije ukaandikiwa kaswende kwenye lile unalolipeleka nyumbani likizo.

Kwa vijana wa Kampala, kituo cha Naguru kiliundwa kwa ajili yenu tangu 1994, na wahudumu wake wamezoea maswali yenu. AIDS Information Centre ilianza kupima kwa hiari mwaka 1990. Hospitali za vyuo zinapima pia, ila utaonyesha kitambulisho cha mwanafunzi. Na tangu 2025 kliniki nyingi za VVU zilizokuwa peke yake zimeunganishwa na OPD (idara ya wagonjwa wa nje), kwa hiyo ukikuta mlango wa zamani umefungwa usirudi nyumbani, uliza mapokezi.

Ridhaa: kuanzia miaka 12 unaweza kukubali kipimo cha VVU bila mzazi. Majibu ni yako. Hata hivyo Sheria ya VVU ya 2014 inampa mhudumu nafasi ya kumjulisha mwenzi aliye hatarini katika mazingira fulani, msije mkashangaa. Na ukiacha namba ya simu, acha yako, si ya rumu-meti.

Kansanga_Rumu7

Vipi kile kipimo cha kujipima mwenyewe cha ufizi?

MaabaraTu

OraQuick ni kizuri kwa anayeogopa foleni, ila ni VVU tu. Usile, usinywe wala kutafuna kitu kwa dakika 15 kabla; kama umepiga mswaki au kusukutua dawa ya mdomo, dakika 30. Pitisha kijiti mara moja ufizi wa juu, mara moja wa chini, kitie kwenye chupa, usome kati ya dakika 20 na 40. Ukisoma baada ya hapo si jibu. Mstari wa C lazima utokee, usipotokea kipimo kimeharibika. Mstari wa T ukitokea, hata mwembamba kama uzi, nenda kituoni ukapimwe kwa vipimo vya aina nyingine. Huo mmoja haukutangazii ugonjwa. Walio kwenye PrEP (dawa za kujikinga na VVU kabla ya tendo) au PEP wasikitegemee, na anayemeza ARV anaweza kusoma hasi ilhali anavyo.

Dawa_na_Dozi

Homa ya ini B watu wameipita haraka. Chanjo ya watoto ilianza 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga. Pima HBsAg, ukiwa huna choma dozi tatu: leo, mwezi 1, mwezi wa 6. Ukikutwa nayo usimrukie mwenzio shingoni, wengi wa kaskazini waliipata utotoni. Pia usianze PrEP bila kipimo hiki, kwa sababu dawa za PrEP zinaigusa B, na ukiziacha ghafla ini linaweza kuchafuka.

Mchokozi256

Na mpox?

Sista_wa_Bombo

Iliingia 2024, na inapita pia kwa kugusana ngozi wakati wa tendo. Ukiona vipele vyenye shimo katikati pamoja na homa na tezi, usiende kwenye hema, utawagusa watu. Piga simu kituoni kwanza.

Binti_Kasese

La mwisho, samahani. Nikiwa kwenye hedhi nisubiri?

MaabaraTu

Damu ya kidole na ya mshipa haijali. Swabu ya PCR inakubalika kama hedhi si nzito. Ikiwa nzito sana subiri ipungue, kwa sababu damu nyingi inaweza kuifanya mashine ishindwe kutoa jibu, na katriji ikishindwa hairudiwi bure.